Wafu Wetu Hawapigwi Namba

2 Septemba

Mimi Manase Mligo wa kijiji cha Yakobi nina miaka themanini na mmoja, na hiyo ni kwa hesabu ya kanisa. Mama yangu alisema ni zaidi. Nimezika wake wawili na wachungaji wanne. Nimezika na yule daktari aliyeniambia kifua changu hakifiki Krismasi. Krismasi ilipofika, yeye ndiye hakuwepo. Surua ilipita nikabaki. Shule nilisoma madarasa mawili na mafundisho ya kipaimara, lakini mkono huu unaandika, tena kwa wino.

Naandika kwa sababu makaburi yetu yanahamishwa. Barabara mpya inapita pale pale. Jana Mchungaji Ezekieli ametangaza kanisani kwamba wote wahamishwe kabla ya mvua za Novemba, maana udongo wa pale ukilowa unakuwa uji na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakishuki. Kaburi ambalo halitajulikana ni la nani, mifupa yake itaenda kwenye shimo moja la pamoja, chini ya msalaba mmoja ulioandikwa WAPENDWA.

Kanisa zima likanigeukia mimi. Wangemgeukia nani? Nilipotoka kupasua mbao Matembwe nilikuwa fundi wa masanduku hapa. Nusu ya misalaba ya pale nimeichonga mimi.

4 Septemba

Wenye barabara wamepigilia kigingi kwenye kila kaburi, na kila kigingi kina namba ya rangi nyekundu. Sikupenda.

7 Septemba

Katibu wa usharika ndiye atapiga picha. Anaitwa Oktavia Sanga, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, Mkinga kutoka Ipelele kule Makete. Wakinga ni watu wa biashara, na sisi Wabena tunawatania. Nilimsalimu kwa Kibena, "Kamwene, binti Sanga. Leo unauza nini?"

Akajibu, "Leo nanunua. Nanunua subira, nimeambiwa nitafanya kazi na Mbena mbishi."

Mdomo anao.

Kazi yenyewe ni hii. Kila kaburi linapigwa picha moja, msalaba na kigingi vionekane pamoja. Mimi nasimama nataja jina, yeye anaandika. Baadaye misalaba itang'olewa yote ipelekwe makaburi mapya, vibaki vigingi tu. Kwa hiyo picha ndiyo itakayosema kigingi hiki ni nani. Bila picha, kigingi ni kijiti.

9 Septemba

Tumepiga safu ya getini. Jua kali, upepo baridi. Yeye anachoka, mimi sichoki.

11 Septemba

Leo tumefika kwa Lucia wangu. Alikuwa na miaka sita. Msalaba wake ni wa mti, mdogo, umeinama. Nilitaja, "Lucia Mligo." Binti Sanga akapiga picha, akaandika.

Jioni tukafika kwa mama yangu. Huyu ana kaburi la saruji. Nikataja, "Lucia Mligo." Binti Sanga akasimamisha kalamu.

"Huyu si tumeshampiga?"

"Yule ni mjukuu. Huyu ni bibi yake. Kwenu Makete mtoto anapewa jina la nani, la jirani?"

Akacheka. Kwetu mtoto anachukua jina la bibi au babu, ili mzee akiondoka nyumba isikose mtu wa kuitika. Na msalabani tunaandika jina moja na la ukoo, basi. Mbao si za kuchezea.

14 Septemba

Umande mzito. Tumemaliza. Zaidi ya makaburi mia mbili, na hakuna hata moja nililokwama. Nawajua wote.

21 Septemba

Nimeitwa ofisini kwenye kompyuta. Nilidhani nitaona picha. Nikaona kioo cheusi chenye maandishi meupe, kama ubao wa shule.

"Mashine imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika, baba. Hapa ndipo mahali pa kuiamuru kwa maneno, bila kubonyeza-bonyeza picha moja moja." Akanionyesha. Kila picha kamera imeipa jina lake, herufi tatu halafu namba ndefu. Yeye anataka kila picha iitwe jina la marehemu. "Nikibadilisha moja moja kwa mkono tutafika Pasaka. Hapa naandika mstari mmoja tu. Mashine inachukua majina uliyotaja kwa mfuatano wake, inaivika kila picha jina lake, zote kwa mara moja."

"Vizuri. Ivike."

"Nitaanza na namba ya kigingi, halafu jina."

Hapo nikasimama. Nimepiga namba magogo miaka thelathini. Gogo unalipiga namba kwenye kichwa, kwa nyundo, ili mnunuzi asihitaji kujua lilitoka mlima gani. Mfungwa ana namba. Ng'ombe wa mnada ana namba. Nikamwambia, "Wafu wetu hawapigwi namba. Walibatizwa. Andika jina walilobatizwa, basi."

"Namba ni ya kutusaidia sisi, baba."

"Na mimi nakusaidia wewe. Toa."

"Mashine haina akili ya kujua huyu ni nani na yule ni nani."

"Mimi ninayo."

Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika.

23 Septemba

Nimekwenda kwa Mchungaji. Nimesema kama namba zipo, mimi simo, watafute mwingine wa kuwataja wafu. Mchungaji akashika kichwa, akampigia simu palepale: "Oktavia, mfanyie mzee anavyotaka, tulale kwa amani."

24 Septemba

Imefanyika, nami nikiwepo. Aliandika mstari mmoja kwa vidole vyenye hasira, akagonga kitufe. Nikahesabu pumzi mbili. Mstari ukarudi mtupu, kimya.

"Tayari," akasema.

"Wote?"

"Wote."

Akafungua, nikawaona wamejipanga kwa majina yao, hakuna hata namba moja. Kijiji kizima kimebatizwa kwa ndoo moja! Nimesimulia mpaka sokoni. Watu wajue nani alisimamia.

29 Septemba

Jumapili ya kipaimara. Binti Sanga kapiga picha za watoto kwa kamera ileile. Alifuta kwanza za makaburi kwenye kadi yake, kwa sababu zimeshaingia kwenye kompyuta. Wali wa sherehe ulikuwa mbichi.

3 Oktoba

Misalaba inang'olewa. Wa Lucia niliushika mwenyewe mpaka kwenye lori.

8 Oktoba

Wamekata na milingoti, ile mikaratusi mirefu iliyokuwa pembeni ya makaburi. Mahali pamekuwa uwanja. Mawingu upande wa Makambako, lakini ya upepo tu.

14 Oktoba

Kijiko kimeanza kwenye safu ya juu. Dereva anaitwa Jofrey, mtu wa Makambako, ana heshima: kijiko kinatoa udongo wa juu tu, kinasimama, watu wanamalizia kwa majembe na mikono. Kila familia inaimba wimbo wake.

17 Oktoba

Leo sijui nianze wapi.

Asubuhi Jofrey alifika kwenye kigingi kimoja, akauliza kama kawaida, "Huyu nani?" Binti Sanga akatafuta picha yenye kigingi hicho kati ya zile alizochapisha. Hakuna. Akasema apite, aende kinachofuata. Kile kikawa na picha. Mbele kidogo, hakuna tena. Nikamwona anageuka rangi. Akakimbilia ofisini, nami nyuma yake na fimbo yangu.

Alihesabu picha. Akahesabu tena. Picha zilikuwa pungufu ya vigingi, pungufu kwa thelathini na kitu.

Nikasema, "Mashine imeiba."

Akakaa chini. Akasema taratibu, bila kunitazama, "Haijaiba. Imefanya tulichoiambia. Kwa mashine, kubadilisha jina ni kuhamisha. Unaiambia, mtoe huyu hapa, mpeleke kwenye jina lile. Ikikuta jina lile lina mtu, inamtupa wa kwanza, inamweka wa pili. Haiulizi. Walikuwa akina Ezekieli wawili wa ukoo mmoja, amebaki wa mwisho. Akina Rebeka watatu, amebaki wa mwisho."

Nikauliza, "Na akina Lucia?"

Akafungua. Ilikuwepo Lucia Mligo moja tu, na kaburi lilikuwa la saruji.

Nikamwambia airudishe mashine nyuma. Akasema hairudi. Nikamwambia aifungue ubavuni atoe picha. Akasema, "Baba, hazimo." Na daftari lake lilikuwa na majina tu, bila namba, na hatukutembea kwa mfuatano wa vigingi. Nikamwambia Wakinga mmezoea kupima vitu, mbona hiki hukukipima? Hapo ndipo aliponitazama.

"Nilikipima. Nilisema namba. Ukaenda kwa Mchungaji."

Ni kweli nilikwenda. Lakini nilikwenda kwa sababu yangu, na sababu yangu ilikuwa nzuri. Nilitoka bila kuaga. Njiani nilikuwa najibizana naye peke yangu, na kila nilipomaliza neno, nilimwona mtoto wangu anashushwa kwenye shimo la WAPENDWA pamoja na watu asiowajua, naye alikuwa anaogopa watu.

19 Oktoba

Nimekwenda uwanjani peke yangu. Nilijiambia, mimi si nawajua wote? Nitaweka mkono juu ya kigingi cha Lucia, niwaambie huyu hapa, kazi iishe.

Kaburi lake lilikuwa chini ya mlingoti wa tatu. Milingoti haipo. Lilikuwa hatua chache kutoka kwenye msalaba wa mzee Lameki. Misalaba haipo. Vimebaki vigingi tu, vyenye namba nyekundu, vinafanana kama meno. Nimesimama kwenye kimoja nikasema ndicho. Nikasogea kwenye cha jirani nikasema, hapana, ni hiki. Nikarudi cha kwanza. Nilikwenda na kurudi mpaka Jofrey akanisogelea, "Mzee, umepoteza kitu?"

Nikamwambia nimepoteza kisu.

Akainama akaanza kukitafuta. Ilibidi nitafute naye.

20 Oktoba

Jumapili. Watu wamekuja na hasira. Mama Feliciana, ambaye mumewe ni mmoja wa waliomezwa, alisimama kabla hata ya matangazo akauliza kanisa zima, "Aliyempoteza mume wangu mara ya pili ni nani?"

Binti Sanga alisimama. Nikajua sasa ananitaja. Akasema, "Ni ofisi, mama. Ni mimi niliyegonga kitufe. Naomba mnivumilie siku chache."

Hakusema neno juu yangu. Hata jicho hakunitupia. Nilikaa nikaona benchi linapata moto. Nikasimama.

"Namba nilizikataa mimi," nikasema. "Na bado sizipendi. Lakini binti Sanga alinionya, nikamshinda kwa kelele. Mwenye hasira aje kwangu, nyumba yangu mnaijua."

Mama Feliciana akasema, "Nitakuja na mwiko." Watu wakacheka kidogo, na Mchungaji akawahi kuanzisha wimbo.

Nje mlangoni binti Sanga akaniambia, "Kumbe unaweza kusimama."

"Nimesimama tangu kabla hujazaliwa."

"Basi kesho simama kituoni alfajiri. Tunakwenda Makambako. Kuna fundi wa kompyuta anaitwa Anderson. Nimempigia. Kasema nisiiguse tena ile kadi ya kamera, kabisa."

21 Oktoba

Makambako upepo unapiga mpaka meno yanauma. Duka la Anderson liko jirani na njia panda, limejaa matumbo ya kompyuta. Kijana wa watu, kavaa koti kubwa, hana salamu ndefu.

Akatueleza. Kadi ikifutwa, picha haitoki. Kinachotoka ni kibao cha mlangoni, mashine inaona nyumba haina mtu. Picha inakaa humo gizani mpaka ije picha nyingine ijenge juu yake.

"Baada ya kufuta mlipiga picha nyingine?"

Binti Sanga akasema, "Za kipaimara."

"Nyingi?"

"Watoto, wazazi, na keki."

Anderson akavuta hewa. Mimi sijawahi kuchukia keki kama siku ile. Nilisema, "Kijana, kama keki imekaa juu ya mwanangu, niambie sasa hivi."

"Mzee, kaa. Ikianza haipendi maneno."

Akaichomeka kadi. Kioo cheusi tena, mistari myeupe inapanda. Tukakaa. Binti Sanga akaninunulia chai na chapati, sikula, akala yeye zote mbili kwa woga. Nikamwuliza kama ana watu wake waliozikwa huku. Akasema hana, wake wote wako Ipelele, wametulia. "Basi kwa nini unatetemeka?" Akasema, "Kwa sababu wa kwako niliwaandika mimi."

Tangu hapo sijamwita Mkinga.

Picha zikaanza kutoka. Hazina majina, ni namba tupu, hata zile herufi za kamera zimesahaulika. Wafu wote wamekuwa magogo. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Asante Yesu." Mimi, Manase.

Tukazifungua moja moja. Nyingine zilikuwa nzima, nyingine nusu, juu msalaba, chini michirizi ya rangi. Mume wa Mama Feliciana alitoka mzima. Akina Rebeka wakatoka wote. Mchana ukapita. Picha ya keki ikatokea, Anderson akaipita haraka. Halafu msalaba mdogo wa mti, umeinama, na pembeni kiatu changu, maana nilisimama karibu mno siku ile na binti Sanga aliona haya kuniambia nisogee.

Kigingi kilisomeka. Themanini na nane.

Vile viwili nilivyohangaika navyo uwanjani juzi nilikuwa nimesoma namba zake, sijui kwa nini. Vilikuwa tisini na tano na tisini na sita. Si kimoja wala kingine. Ningeweka mkono wangu juu ya mtoto wa mtu, na kanisa zima lingeniamini.

Nililia pale dukani. Anderson aliangalia barabarani mpaka nilipomaliza. Ni kijana mzuri.

24 Oktoba

Ofisini tena, kioo cheusi. Safari hii nimeleta kiti changu.

"Sema mwenyewe," akaniambia. "Jina liandikweje?"

"Jina kwanza. Lucia Mligo. Halafu binti wa nani. Halafu…" Nikakohoa.

"Halafu?"

"Usinichokoze, mwanangu. Halafu namba."

Akaandika mstari wake, mrefu kuliko ule wa kwanza. Akanionyesha herufi moja yenye kistari mbele yake. Hiyo inaizuia mashine kumtupa mtu: ikikuta jina lina mwenyewe, inapiga hodi na kuuliza. Nikasema herufi kama hiyo ingefaa kwa ndugu wengine nawajua. Kabla ya kugonga alitengeneza nakala ya kila kitu, moja akaiweka ndani ya kabati la Mchungaji, nyingine akanipa mimi kwenye kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nimekitia ndani ya Biblia.

Akagonga. Mashine haikuuliza hata mara moja. Tukahesabu wote wawili. Waliokosekana kabisa walikuwa watatu, na kwa kuwa ni watatu tu, ndugu zao walikaa na vigingi vilivyobaki wakaelewana watawatambuaje wakifunuliwa: mmoja mtoto mchanga, mmoja mzee aliyezikwa na fimbo yake, na wa tatu ni yule aliyebaki.

Shimo la pamoja halitachimbwa.

25 Oktoba

Nimelala mpaka jua limetoka. Haijatokea tangu nimeoa.

2 Novemba

Kijiko kimeharibika. Mawingu.

6 Novemba

Kimepona. Mama Feliciana amemhamisha mumewe. Kaniletea viazi, mwiko kauacha kwake.

9 Novemba

Ngurumo usiku. Matone, yakakata. Zimebaki safu mbili, ya Lucia ni mojawapo. Jofrey kasema mvua ikinyesha kutwa moja hashuki. Nimetoka nje mara nyingi kuangalia mbingu, na mbingu haikunisaidia.

11 Novemba

Kavu. Safu moja.

12 Novemba

Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa za nyumba. Jofrey akaanza mapema. Binti Sanga akashika picha, akasoma kwa sauti, "Themanini na nane. Lucia Mligo, binti Manase." Hakuna aliyebisha, hata mimi. Kijiko kikatoa udongo wa juu, halafu Jofrey akazima injini bila kuambiwa, akashuka, akavua kofia.

Tulimkuta. Na ushanga wa bibi yake ulikuwepo shingoni, ule wa bluu, ambao sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Sanduku nimelitengeneza mwenyewe kwa mbao za msindano, fupi, halina hata msumari uliopinda. Mama yangu alikuwa ameshatangulia kule kupya wiki iliyopita, tukamweka Lucia ubavuni kwake. Msalaba nimechonga mpya, jina lote, la baba na la bibi, na mbao ilitosha. Nyuma, chini kabisa, nimechonga na namba, ndogo. Mchungaji aliposema amina mvua ikateremka kama imefunguliwa. Hakuna aliyekimbia. Mimi nilicheka, kwa sauti, na binti yangu Oktavia akacheka nami.

Haya yote ni kweli. Anayebisha amwulize Oktavia Sanga ofisini, au Mchungaji Ezekieli. Amwulize Anderson pale Makambako njia panda, na Jofrey wa kijiko, maana wote waliona kwa macho yao. Mdogo wangu Danford asiulizwe. Alifika mvua imeshaanza, akala, na sasa anatembea Yakobi nzima akisema yeye ndiye aliyebeba sanduku. Sanduku nilibeba mimi.